Shujaa Bado Ananyonya

Jumatatu, 12 Mei 2025

Sehemu ya tatu leo. Shujaa bado ananyonya! Nimetafsiri kunyonya tangu Jumamosi. Mtu mzima mimi, maiki mkononi, natafuta maneno mapya ya kunyonya. Yameisha.

Niandike vizuri, ili siku nikiwa maarufu mtu aelewe. Mimi ni Hermenegildi, mtafsiri wa filamu kwenye kibanda umiza cha Lipangalala, hapa Ifakara, ukuta mmoja na mashine ya kukoboa mpunga. Kibanda na mashine ni vya Shangazi Justa. Changu ni maiki tu. Tunaonyesha katuni ya Kijapani: karani amekabwa na mwiba wa samaki, amekufa, amezaliwa upya kwenye nchi ya wafalme na mazingaombwe, na akili zake zote za ukarani anazo. Kwa picha ya namna hii unatarajia upanga mapema. Wapi! Kwanza kumpa jina. Halafu meno. Jana tumemaliza sehemu nzima anajifunza kukaa.

Kosa ni langu nusu. Kijapani sijui. Nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, yakinipita najaza mwenyewe. Jina la shujaa halikutamkika, nikampa Beatus. Kisha nikanogesha kidogo: nikasema katika maisha ya kwanza alikuwa karani wa stesheni kule Mlimba. Mstari wa mbele alikuwepo Bibi Paskalina, anasubiri mpunga wake ukobolewe. Marehemu mumewe aliitwa Beatus. Alikuwa karani wa stesheni. Mlimba! Nilikuwa nimesahau kabisa. Bibi akasimama, akamwangalia yule mtoto kwenye TV, akasema, "Haya, mume wangu huyo karudi. Sogeeni nimwone."

Kwetu si ajabu. Mtoto akipewa jina la marehemu, bibi anamwita mume, anamtania, anamdai kanga na sukari. Shangazi Justa mwenyewe ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Ananiamkia na shikamoo, hasa akiwa na hasira, na mimi lazima niitikie marahaba kwa mwanamke aliyenilea. Lakini mume wa kwenye katuni sijapata kuona.

Tangu siku hiyo foleni yote ya mashine inahamia kwangu mchana. Wanawake wamejaa hadi mlangoni. Ningefurahi, ila wananisimamisha! Mama wa mtoto akimwogesha, wanataka nirudishe nyuma waone kama amesugua shingo. Leo sehemu imeisha mtoto ameshika mguu wa meza, amesimama, anatetemeka. Bibi Paskalina ameagiza kesho asikose mtu. Kesho anaanza kutembea.

Vijana wa jioni, wateja wangu wa kweli, wanahamia mtaa wa Mlabani, kwenye kibanda cha Kassian. Kassian ana TV kubwa kuliko akili yake. Huko wako sehemu ya kumi na nne. Shujaa ana jeshi.

Jioni Shangazi Justa amekuja. "Shikamoo baba." Nikajua kuna jambo. Amesema mpunga mpya umeanza kuingia na ghala limejaa. Wanawake wanaingia bure na foleni, hao hawahesabiki. Jioni kibanda kikiendelea kuwa kitupu, Jumatatu ijayo anatoa mabenchi anaweka magunia, na maiki anaiuza. Nikamwomba muda. Akanikumbusha kuku wangu wa mayai, waliokuwa majogoo wote. Akanikumbusha pikipiki niliyomkabidhi mtu bila kumuuliza jina. Akasema haya ni maisha yangu ya tatu na bado sijaota meno.

Imeniuma. Maiki hii ndiyo kitu pekee ninachokijua. Nikiishika, watu wananisikiliza. Nikiiweka chini, mimi ni yule wa majogoo.

Jumanne, 13 Mei

Umeme hakuna kutwa nzima. Kutembea kwa Beatus kumeahirishwa. Bibi Paskalina amelipokea vibaya, amenilaumu mimi kana kwamba umeme naukata kwa meno.

Nimetumia siku kufikiri. Tatizo ni mwendo. Hawa watunga katuni hawajui mwendo! Utoto sehemu kumi na moja. Shule, maua, tena maua. Halafu vita kubwa wanaimaliza wakati mtu anamenya karanga. Na baya zaidi, shujaa hakui. Anaongezewa nguvu tu. Alikuwa karani mwoga, mvivu, mwenye hila ndogondogo. Amekufa, amezaliwa upya, ana fimbo ya moto, na bado ni mwoga, mvivu, ana hila ndogondogo. Mtu anapewa maisha mawili na harekebishi chochote! Watu wa hivyo wananiudhi sana.

Dawa nimeipata. Kesho naruka. Kutoka sehemu ya tatu hadi ya kumi na tano, moja kwa moja vitani. Vijana watarudi mbio, Kassian atabaki na spika zake. Wanawake hawatagundua, mtoto ni mtoto. Nimeandaa sentensi ya kuunganisha, nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo kwa sauti nzito: "Miaka ikapita."

Sehemu za katikati nimezifuta kwenye flashi, nisije nikashawishika.

Jumatano, 14 Mei

Wamegundua.

Umeme ulirudi asubuhi. Saa nane mchana kibanda kimejaa hadi dirishani. Bibi Paskalina amekuja na kanga mpya. Amebeba na ndizi mbivu, za nani sijui, mtoto yuko Ujapani. Nikawasha. Nikasema, "Miaka ikapita." Likatokea jitu lenye mabega na ndevu, limepanda farasi, linakata watu.

Bibi Paskalina akauliza kwa upole huyu ni nani. Nikasema ni Beatus. Akauliza nani alimwachisha ziwa. Nikasema mambo hayo yalipita. Mwingine akauliza nani alimfundisha kuamkia wakubwa, maana ameingia kwa mfalme na viatu na hajasalimia mtu. Mwingine akasema mtoto wa juzi hakuwa katili, lazima ameharibikiwa mahali, na wao wanataka kuona ni wapi. Oliva, anayeuza karanga mlangoni na mdomo wake hauna kituo, akadakia kwamba huyu si Beatus, ni baba mdogo wa Beatus amekuja kudhulumu urithi. Wakamwamini yeye!

Nikapaza sauti kwenye maiki. Nikawaambia katika sanaa kuna kitu kinaitwa mwendo. Bibi Paskalina akanyanyuka. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema, "Mimi Beatus nilimkuta ameshaota ndevu, mwanangu. Utoto wake walifaidi wengine, huko Mahenge. Hapa nilikuwa namwona. Alishashika meza. Alibakiza kuachia tu."

Nikamwambia lakini sasa ana farasi.

Akachukua ndizi zake akaondoka. Wakaondoka wote. Wamepeleka na mpunga wao mashine nyingine, ng'ambo ya soko. Na vijana jioni? Hakuna hata mmoja. Kwa Kassian wako sehemu ya kumi na saba.

Alhamisi, 15 Mei

Kibanda kitupu. Mashine kimya. Shangazi Justa ameniamkia mara mbili, asubuhi na mchana. Sikuwahi kuona shikamoo mbili kwa siku moja. Sasa nimempotezea hadi foleni. Ameshapima ukuta kwa hatua zake, anahesabu magunia yatapangwaje.

Nilitaka kurudi sehemu ya nne, Beatus atembee, yaishe. Haipo. Nilifuta mwenyewe. Kassian anazo. Nimetembea hadi Mlabani kumwomba kwa heshima zote. Amecheka hadi akashika mlango. Amesema atanipa kama nitasema kwenye maiki yangu kwamba yeye ndiye mtafsiri bora wa bonde zima la Kilombero. Nimemwambia bora nirudi kwenye majogoo.

Njiani mwanga ukaniingia. Kwa nini nihangaike na sehemu ya nne? Hii ni katuni ya kuzaliwa upya! Namuua Beatus. Anakufa vitani, kifo kizito, vijana watapenda. Kisha narudisha sehemu ya kwanza: anazaliwa tena, ananyonya tena, wanawake wanarudi. Huku panga, huku titi. Nashangaa watunga katuni wenyewe hawajawaza.

Ila watu wajulishwe. Nimempata kijana wa matangazo, ana spika mbili kwenye pikipiki. Tangazo nimeandika mwenyewe. Nimelisoma mara nyingi na kila mara nywele zimenisimama.

Ijumaa, 16 Mei

Tangazo limepita tangu asubuhi. Kibaoni, sokoni, Viwanja Sitini, hadi Mlabani mbele ya pua ya Kassian: "Kwa masikitiko makubwa, Hermenegildi wa kibanda cha Lipangalala anatangaza kifo cha mpendwa wetu Beatus, aliyekuwa karani wa Mlimba. Nyote mnakaribishwa kibandani." Nilikuwa nimeandika pia kwamba atazaliwa upya kesho saa nane mchana. Kijana anasema karatasi ililowa upande huo.

Saa sita wakaanza kuingia. Wengi! Nikafurahi, nikakimbilia maiki. Kisha nikaona mikeka. Nikaona kuni. Nikaona sufuria kubwa limebebwa na watu wawili, lile la shughuli. Bibi Paskalina yuko mbele, kajifunga kanga kiunoni, wanawake nyuma yake. Wakakaa chini. Wakaanza kulia.

Nikawaambia ni katuni. Bibi Paskalina akafuta macho, ambayo niliyakagua na yalikuwa makavu, akasema wanajua ni katuni, wao si wajinga. Lakini mume ni mume. Mimi nimemtangaza mbele ya mji mzima, na mtu akitangazwa analiliwa. Akaongeza kwamba sala hawataweka, Padri asije akasikia, ila mengine yote yatafuatwa.

Mengine yote! TV imefunikwa kwa kanga. Kwenye msiba hakuna muziki wala picha. Maiki imezimwa. Wanaume wamekalia mabenchi yangu nje, wanacheza drafti. Na mtu haingii msibani kwa kiingilio. Kibanda kimejaa kuliko siku yoyote ya maisha yangu na siruhusiwi kuwasha hata taa ya rangi.

Kisha wakauliza watakula nini. Nikauliza kwani mimi nahusika vipi. Wakasema aliyetangaza ndiye mfiwa, na mfiwa ndiye mwenye chakula. Nikatafuta pa kukimbilia. Wote walikuwa wanatazama ukuta wa mashine, ulikoegemea mpunga wa Shangazi.

Jumamosi, 17 Mei

Magunia mawili. Yamekobolewa, yamepikwa, yameliwa. Shangazi Justa amekaa katikati ya wanawake, anakula wali wake mwenyewe, ananitazama. Hajaniamkia kabisa. Naogopa zaidi.

Saa nne wakafika watani wa ukoo wa Bibi Paskalina, kutoka Lupiro, kwa baiskeli. Nilidhani mabaya yameisha. Watani msibani wana ruhusa yote: wanamwigiza marehemu, wanamcheka, wanakamata vitu na havirudi mpaka uwakomboe. Kamata ya kwanza ilikuwa maiki yangu. Na aliyeikamata alikuwa Oliva! Kumbe naye wa Lupiro. Kumbe mtani!

Amejifunga shuka kama nepi juu ya gauni, akasimama pale ninaposimama mimi, akaanza kusimulia maisha ya marehemu. Si yale niliyotafsiri mimi, ni aliyoyatunga yeye. Hajawahi kuona sehemu hata moja hadi mwisho, mwaka mzima yuko mlangoni na karanga. Kila kitu amekosea! Kule kuna ngome, yeye kaweka dungu la kuamia ndege katikati ya shamba la mpunga. Kule kuna joka, yeye kaweka kiboko. Beatus wake analia akiogeshwa maji ya baridi, anaiba ukoko, anatumwa kuamia ndege analala, ndege wanamaliza mpunga, anachapwa, kesho yake halali. Nilimkatiza kumweleza kwamba nchi ile hawalimi mpunga. Watu mia moja waliniambia ninyamaze.

Mwendo wake wa kobe. Kwa meza peke yake ametumia muda ambao mimi ningemaliza vita mbili. Mtoto ameshika meza. Anatazama mkono. Anatazama mlango. Kidole kimoja kinaachia. Akina mama wameacha kukoroga. Wanaume wameingia ndani na kete mkononi. Vijana wangu, wale waliohamia kwa Kassian, wamening'inia madirishani. Kidole cha pili. Oliva akanyoosha mikono, akapiga hatua moja, akayumba, ya pili, ya tatu, akaangukia mapajani kwa Bibi Paskalina.

Bibi akamshika kichwa, akasema, "Umefika, mume wangu." Safari hii nilikagua tena macho yake na hayakuwa makavu. Mimi pia nililia. Ni pumba za mashine, zinawasha.

Kassian naye alikuja kutoa pole! Kibanda chake hakikuwa na mtu. Amesema Alhamisi walimaliza sehemu ya mwisho. Shujaa alimpiga adui pigo moja, kwisha, vijana wakapiga miayo, wakauliza tufurahie nini na huyu tumemjua lini. Alionekana kuchoka. Nilimpa wali.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya misa wakaja kuanua matanga. Wamefagia, wamekunja mikeka, wameosha sufuria. Bibi Paskalina amenishika mkono, amenishukuru, akasema msiba wa kwanza wa Beatus yeye aliukuta umeshaanza, alikuwa shambani anaamia ndege, habari ilichelewa. Huu wa pili ameukalia tangu mwanzo. Nikasema karibu tena. Sijui kama hilo ndilo linalosemwa.

Halafu Shangazi Justa akaniita. Akaanza na habari njema: magunia hayatawekwa. Kibanda kinabaki! Mashine imerudisha foleni, na vijana wote wameuliza Beatus wa Oliva anaendelea lini. Niliruka. Nikaomba maiki.

Akasema maiki kaikomboa yeye kwa watani, kwa hiyo ni yake, na amempa Oliva.

Nilisema mengi. Nilisema Oliva hajui Kiingereza. Shangazi akasema hata mimi sikijui, ila Oliva anajua kungoja. Nikauliza mimi nitafanya nini. Akasema nitauza karanga mlangoni, nitafagia, na nitakaa kwenye benchi nimsikilize Oliva kila siku tangu mwanzo, hadi mpunga wa msimu huu uishe. Akiona nimekua, tutazungumza. Halafu akanipapasa kichwani, yeye mfupi ilibidi niiname, akasema, "Usiwe na haraka, baba. Shika meza kwanza."

Nimekaa na maneno hayo hadi giza likaingia. Ni kweli. Yote ni kweli. Nilitaka kufika kabla sijaondoka. Niliwanyima watu kitu walichokipenda kwa sababu mimi sikuwa na subira nacho. Nimejiona vizuri kabisa. Nimebadilika.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeamka mtu mpya. Nimefagia. Nimeuza karanga. Nimekaa kwenye benchi, nimesikiliza. Beatus wa Oliva leo amejifunza kunawa mikono. Sehemu nzima! Kunawa! Watu wanapiga makofi!

Nikapiga hesabu. Msimu wa mpunga unaisha Julai, wengine hadi Agosti. Miezi mitatu ya karanga! Na kwa sababu gani, wakati nimeshabadilika? Nilibadilika jana jioni. Nilikuwa peke yangu, hakuna aliyeona, hilo ndilo tatizo pekee. Kukua nimekua, kilichobaki ni watu wajulishwe.

Mchana nimemtafuta kijana wa spika. Safari hii nimemwandikia kwa wino usiofutika kwa maji na nimeifunga karatasi kwenye nailoni. Kesho asubuhi atapita mji mzima: Hermenegildi wa Lipangalala amefariki. Keshokutwa saa nane mchana atazaliwa upya, akiwa mtu mzima, mwenye busara, na maiki mkononi. Miaka ikapita. Hata Shangazi ataona haina maana kumfundisha kushika meza mtu aliyekwisha kufika.

Na makosa yangu nimejifunza, asiseme mtu. Mwisho wa tangazo nimeongeza mstari kwa herufi kubwa: chakula waje nacho.